Mchezo Mmoja, Haki Nyingi: Fahamu Sheria Inavyomlinda Mbunifu wa Michezo ya Video

Katika miji midogo iliyo kando ya barabara kuu ya Dodoma, Kondoa na Babati, Chemba ukiwa mmojawapo, si jambo geni kumkuta kijana ameketi mbele ya runinga katika kibanda cha gemu akisubiri zamu yake ya kucheza. Wazazi wengi huona hapo burudani, na wengine huona upotevu wa muda. Duniani, hata hivyo, michezo ya video ni sekta inayoingiza zaidi ya dola za Marekani bilioni 180 kwa mwaka, na mali yake kubwa haishikiki kwa mkono. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft iliponunua studio ya Mojang ya Sweden, yenye mchezo wa Minecraft, kwa dola bilioni 2.5, sehemu kubwa ya thamani hiyo ilikuwa haki juu ya mchezo huo: msimbo wake, jina lake, wahusika wake na sura ya ulimwengu wake.

Haki hizo huitwa miliki ubunifu. Tanzania inazo sheria zinazozilinda, na sheria hizo zinamhusu kijana wa Chemba mwenye kompyuta mpakato moja kama zinavyoihusu kampuni kubwa ya ng'ambo. Makala haya yanaeleza sheria hizo ni zipi, taasisi gani inasimamia nini, na ni katika hatua zipi mbunifu anaweza kupoteza haki yake bila kujua.

Mfano wa kijana wa Farkwa

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini mazingira yake ni ya kawaida. Kijana wa Farkwa, mhitimu wa stashahada ya kompyuta, anabuni mchezo wa simu. Ndani yake mtoto anachunga mbuzi wakati wa kiangazi na kuchimba maji katika mchanga wa mto uliokauka. Kila anapokwama anasaidiwa na wanyama wanaozungumza, kama walivyozungumza katika ngano alizosimuliwa na bibi yake kwa Kisandawe. Msimbo ameuandika mwenyewe. Rafiki yake anayesoma jijini Dodoma amechora wahusika. Rafiki mwingine wa Kondoa ametengeneza muziki, akichanganya mapigo ya kisasa na wimbo wa ngoma aliourekodi kijijini kwa simu. Hawakuandikiana chochote, kwa kuwa ni marafiki na kazi yenyewe ilianza kama majaribio.

Miezi michache baadaye mchezo unapendwa. Kampuni moja inataka kuununua na inauliza nani mmiliki wake. Wakati huohuo, mchezo mwingine wenye jina linalokaribiana nao unatokea katika duka lilelile la programu za simu. Mchoraji anadai sehemu yake. Wazee kijijini nao wanauliza wimbo wao umefikaje humo.

Kijana huyo hakuiba wala hakukusudia kumdhulumu mtu. Mchezo wake umegeuka kuwa mali kabla hajajua ni mali ya namna gani. Kila swali analoulizwa lina jibu katika sheria, ila majibu hayo hayako katika sheria moja wala katika ofisi moja.

Kazi nyingi ndani ya mchezo mmoja

Sheria ya msingi ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ni Sura ya 218 ya Sheria za Tanzania. Chini ya sheria hiyo, mchezo wa video hulindwa kupitia kazi mbalimbali zinazouunda. Programu za kompyuta zinalindwa katika kundi la maandishi, kwa hiyo msimbo wa mchezo una hadhi sawa na kitabu au kijitabu. Hadithi na mazungumzo ya wahusika ni kazi za fasihi. Michoro ya wahusika na mandhari ni kazi za sanaa. Nyimbo na milio iliyotungwa ni kazi za muziki. Watu walioimba au kuigiza sauti za wahusika nao wana haki zao, ambazo sheria inaziita hakishiriki.

Kila mmoja wa watunzi hao ana haki za aina mbili. Za kwanza ni haki za kiuchumi, yaani haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake isinakiliwe, isiuzwe, isikodishwe, isitafsiriwe au isirekebishwe, na haki ya kulipwa inapotumika. Za pili ni haki za kimaadili, yaani haki ya kutajwa kuwa mtunzi na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Kwa kawaida ulinzi wa haki za kiuchumi hudumu kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Pale kazi inapokuwa ya watunzi kadhaa kwa pamoja, miaka hiyo huhesabiwa tangu kifo cha wa mwisho wao.

Kwa msingi huo, dai la mchoraji katika mfano wa Farkwa si tamaa. Wahusika aliowachora ni kazi yake mpaka atakapokubali kwa maandishi kuhamisha haki hizo. Mwandishi wa msimbo hawezi kuuza kwa kampuni kitu ambacho sehemu yake ni ya mwenzake.

Wazo halina mmiliki

Suala ambalo huwakwaza wabunifu wengi ni mpaka kati ya wazo na kazi. Hakimiliki hailindi wazo. Inalinda namna wazo hilo lilivyotolewa: msimbo ulioandikwa, mchoro uliochorwa, maneno yaliyotungwa. Kanuni za mchezo nazo ziko upande wa mawazo. Sheria ya Hataza, ambayo ndiyo hulinda uvumbuzi wa kitaalamu, nayo haizihesabu kanuni za kucheza michezo kuwa uvumbuzi unaoweza kupewa hataza.

Bao ni mfano ulio karibu. Hakuna mtu wala kampuni inayomiliki kanuni za bao la kete. Yeyote anaweza kuandika programu ya bao kwa ajili ya simu, na jirani yake akaandika nyingine. Asichoweza kufanya jirani huyo ni kuchukua msimbo, michoro, sauti na jina la programu ya kwanza na kuvifanya vyake. Nchini Uganda, studio ya Kola Studios ya Kampala ilichukua mchezo wa karata wa Matatu, unaochezwa na watu wa rika zote, na kuugeuza kuwa programu ya simu. Mchezo wa karata umebaki kuwa wa Waganda wote, na kazi ya kuandika programu na kuchora karata zake ni mali ya waliyoifanya.

Mahakama za nje zimewahi kuupima mpaka huo. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitoa uamuzi katika shauri la Nova Productions dhidi ya Mazooma Games, lililohusu michezo ya mashine inayoiga mchezo wa pool. Mahakama ilikataa dai la mlalamikaji kwa sababu kilichofanana kilikuwa mawazo ya jumla, huku msimbo na michoro havikuwa vimenakiliwa. Mwaka 2012 mahakama moja ya shirikisho nchini Marekani ilifikia uamuzi wa upande wa pili katika shauri la Tetris Holding dhidi ya Xio Interactive. Mahakama hiyo ilikubali kwamba kanuni za kupanga vipande vinavyoanguka ni za wote, lakini ikaona kuwa mshtakiwa alikuwa amenakili mwonekano wa Tetris karibu wote, kuanzia maumbo ya vipande na rangi zake hadi vipimo vya uwanja wa kuchezea. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama za Tanzania, ila yanaonyesha swali ambalo jaji hujiuliza: kilichochukuliwa ni wazo, au ni kazi ya mikono ya mtu?

Kwa kijana wa Farkwa, maana yake ni hii. Hawezi kumzuia mtu mwingine kutengeneza mchezo wa mchunga mbuzi anayetafuta maji. Anaweza kumzuia aliyechukua wahusika wake, maneno yake au msimbo wake.

Haki huzaliwa na kazi, ushahidi hutafutwa

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa mwaka 1994. Kanuni kuu ya mkataba huo ni kwamba hakimiliki haitegemei usajili. Haki huzaliwa pale kazi inapokamilika katika umbo linaloonekana au kusikika, na hutambuliwa katika nchi zote wanachama. Mchezo ulioandikwa Chemba unalindwa pia Nairobi, Berlin na Seoul.

Kwa nini basi watunzi wanahimizwa kusajili kazi zao katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA)? Sababu ni ushahidi. Watu wawili wanapodai kazi moja, mahakama huuliza nani alitangulia na anathibitishaje. Cheti cha usajili ni ushahidi wa awali unaompa mwenye nacho pa kusimamia. Vilevile maduka ya programu za simu yana utaratibu wa kupokea malalamiko ya unakili, na mlalamikaji mwenye nyaraka husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko mwenye maneno matupu.

Ushahidi mwingine mbunifu anaweza kuutunza mwenyewe bila gharama. Rasimu za michoro zenye tarehe, nakala za msimbo za kila hatua, barua pepe na ujumbe wa simu kati ya washirika vyote vina uzito. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi unaoweza kupokelewa mahakamani, mradi uhalisi wake uthibitike. Anayefuta rasimu ili kupata nafasi katika simu huenda anafuta uthibitisho wake pekee.

Wananchi wanapaswa kufahamu pia mabadiliko yaliyofanyika katika taasisi hiyo. Kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, COSOTA, ambayo awali ilikuwa Chama cha Hakimiliki, sasa ni Ofisi ya Hakimiliki, yaani msimamizi. Kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ya watunzi, kama vile wa muziki, imefunguliwa kwa kampuni zinazopewa leseni kwa ajili hiyo.

Jina na nembo husajiliwa BRELA

Hakimiliki hailindi jina la mchezo. Jina, nembo na alama inayotofautisha bidhaa moja na nyingine ni alama ya biashara, na hulindwa kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326. Usajili wake hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kupitia mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao.

Tofauti na hakimiliki, haki kamili ya alama ya biashara hutokana na usajili. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma kwa kufuata uainishaji wa kimataifa. Programu za kompyuta zimo katika daraja la 9, na huduma za burudani katika daraja la 41. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, na unaweza kuhuishwa kwa vipindi vya miaka 10 kila kimoja. Kabla ya kuliweka jina hadharani, mbunifu anashauriwa kufanya upekuzi ili kujua kama halijasajiliwa na mtu mwingine. Gharama ya kubadili jina kabla ya mchezo kutoka ni ndogo kuliko ya kulibadili baada ya wachezaji kulizoea.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalifahamu. Miliki ubunifu si suala la Muungano. Alama iliyosajiliwa BRELA inalindwa Tanzania Bara pekee. Anayetaka ulinzi Zanzibar anapaswa kusajili pia kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA). Kwa upande wa hakimiliki, Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake ya kuisimamia. Kalenda yenyewe hutoa fursa ya kulikumbuka jambo hili: tarehe 26 Aprili, Siku ya Muungano, ndiyo pia Siku ya Miliki Ubunifu Duniani.

Wimbo wa ngoma na ngano za bibi

Swali la wazee wa kijiji ndilo linaloigusa Chemba kwa karibu zaidi. Wilaya hii, iliyotokana na kugawanywa kwa Wilaya ya Kondoa mwaka 2012, ni makazi ya Wasandawe, Warangi, Waburunge na jamii nyingine. Kisandawe ni miongoni mwa lugha chache za Afrika Mashariki zenye vidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa kugonga ulimi, na kwa sababu hiyo kimewavutia wanaisimu kutoka sehemu nyingi za dunia. Jirani, katika Wilaya ya Kondoa, ipo michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwa mbunifu wa michezo, hazina hii ya sauti, hadithi na picha haipatikani kwingine.

Wimbo wa ngoma wa kale hauna mtunzi anayejulikana, hivyo hauwezi kuwa na hakimiliki ya mtu mmoja. Hata hivyo, hiyo haimaanishi kwamba hauna mwenyewe. Sheria ya mwaka 1999 ina sehemu mahususi inayolinda sanaa za jadi, zikiwamo ngano, nyimbo, ngoma na michoro ya asili. Matumizi ya sanaa hizo kwa nia ya kupata faida, nje ya mazingira yake ya kimila, yanahitaji idhini, na mamlaka iliyopewa jukumu hilo ni Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Sheria inaacha nafasi kwa matumizi ya elimu, na kwa msanii kuazima kutoka katika jadi ili kuunda kazi mpya iliyo yake kweli. Inasisitiza pia kutajwa kwa chimbuko, yaani jamii au mahali sanaa hiyo ilipotoka.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika mchezo wa Farkwa. Kubuni wanyama wapya wanaozungumza, kwa kuongozwa na hali ya ngano za utotoni, ni kuazima kunakozaa kazi mpya. Kuchukua wimbo wa ngoma kama ulivyoimbwa na kuuweka katika mchezo unaouzwa ni jambo jingine. Hapo panahitajika idhini, na waliorekodiwa wakiimba wana hakishiriki zao kama waimbaji. Kwa hiyo wazee wana haki ya kuuliza, na mbunifu makini huwauliza wao kwanza.

Michoro ya miambani nayo ina sura yake. Waliochora wamefariki karne nyingi zilizopita na hakimiliki haihusiki, lakini maeneo yenyewe yanalindwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Zaidi ya hayo, picha ya kamera ya mchoro huo ina hakimiliki ya aliyeipiga. Mbunifu anayechukua picha hiyo mtandaoni bila ruhusa anamkosea mpiga picha, si mchoraji wa kale. Njia salama ni kufuata utaratibu wa mamlaka za malikale, kwenda Kolo, na kupiga picha zake au kuchora kwa mkono wake.

Mkataba kabla ya mafanikio

Historia ya michezo ya video ina somo kubwa kuhusu mikataba. Mwaka 1984 Alexey Pajitnov, mtafiti katika Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovieti jijini Moscow, alibuni Tetris. Haki za mchezo huo zilishikwa na dola kupitia taasisi yake ya biashara ya nje. Tetris ikaenea duniani, hasa baada ya kuuzwa pamoja na kifaa cha Game Boy cha Nintendo mwaka 1989, na nakala zake zikauzwa kwa mamilioni. Pajitnov mwenyewe alianza kupata mrabaha mwaka 1996, miaka 12 baada ya kubuni.

Katika mazingira ya leo, mbunifu anaweza kupoteza haki zake kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutoandikiana na washirika. Ya pili ni kutia saini waraka wa mchapishaji bila kusoma kama unatoa leseni au unahamisha umiliki wote. Leseni humruhusu mwingine kutumia kazi kwa muda, mahali na masharti yaliyokubaliwa, na mwenye kazi hubaki kuwa mwenyewe. Uhamisho ni sawa na kuuza shamba. Sheria inataka uhamisho wa haki za kiuchumi uwe wa maandishi na utiwe saini, na sharti hilo limewekwa kwa manufaa ya mtunzi. Njia ya tatu ni ajira: kazi iliyofanywa katika utumishi wa mwajiri inaweza kuwa ya mwajiri, kutegemea mkataba. Anayebuni mchezo wake usiku huku ameajiriwa mchana na kampuni ya programu anapaswa kuusoma mkataba wake kabla ya kuendelea.

Mbunifu naye ana wajibu kwa wengine. Injini za kutengenezea michezo kama Unity, Unreal na Godot zina masharti ya leseni yanayotofautiana. Vilevile michoro, herufi na milio inayopatikana mtandaoni, hata ile isiyolipiwa, mara nyingi huja na masharti kama vile kumtaja mtunzi au kutoitumia kibiashara.

Leseni huria: somo kutoka Tanga

Kulinda haki hakumaanishi kufunga mlango daima. Mwenye haki ndiye huamua kufungua, na Tanzania imeshuhudia jambo hilo. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE yalifanyia majaribio programu za watoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, nyingi zikiwa na michezo ndani yake. Majaribio hayo yalifanyika katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga, ambako watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi na kugawana zawadi ya dola milioni 10.

Masharti ya mashindano yalitaka programu za timu tano zilizoingia fainali zitolewe kwa leseni huria, ili yeyote duniani aweze kuzitumia na kuziendeleza. Timu hizo zilikubali kwa hiari na kwa malipo: kila moja ilipata dola milioni 1 kwa kufika hatua hiyo. Mtu anayechukua mchezo wa mwenzake na kuusambaza bila ruhusa hafanyi uhuria wa namna hiyo. Anamnyima mwenye kazi uamuzi ulio wake.

Wenye vibanda na wachezaji

Miliki ubunifu inamhusu pia mwananchi asiyebuni chochote. Kibanda cha gemu ni biashara, na mwenye nacho anahimizwa kutumia michezo halisi na kusoma masharti ya leseni yake, kwa kuwa baadhi ya michezo imeuzwa kwa matumizi ya nyumbani tu. Haki ya kukodisha programu ya kompyuta ni miongoni mwa haki za mtunzi. Mwenye shaka anaweza kupata ushauri COSOTA kabla ya kupata hasara.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 24, inakataza kutumia mfumo wa kompyuta kukiuka miliki ubunifu ya mwingine, na adhabu yake ni kubwa zaidi pale kosa linapofanywa kibiashara. Vifaa bandia, kama vile padi na mashine zenye nembo ya kughushi, viko chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Kwa mchezaji, hatari nyingine ni usalama: michezo iliyovunjwa kufuli na kusambazwa nje ya maduka rasmi huweza kubeba programu hasidi, na simu hiyohiyo ndiyo yenye akiba ya fedha ya mwenyewe.

Ni vyema pia kutofautisha michezo ya video na michezo ya kubahatisha. Mchezo unaomtaka mtu aweke fedha kwa matumaini ya kushinda fedha unaangukia chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na unahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Mbunifu anayeongeza kipengele hicho katika mchezo wake ameingia katika biashara nyingine yenye masharti yake, likiwamo la kutowahusisha watoto.

Hatua za kuchukua

Kwa kijana wa Farkwa, mlango haujafungwa. Hatua ya kwanza ni kukaa na wenzake wawili na kuandika mkataba unaotaja nani alifanya nini, nani anamiliki nini na mapato yatagawanywaje. Hatua ya pili ni kurudi kijijini na kuzungumza na wazee pamoja na waimbaji, kisha kuomba idhini BASATA au kuuondoa wimbo huo na kutunga mwingine. Hatua ya tatu ni kusajili kazi COSOTA, na jina la mchezo BRELA, na BPRA iwapo analenga soko la Zanzibar. Hatua ya nne ni kuwasilisha malalamiko, yakiwa na nyaraka, kwa duka la programu kuhusu mchezo unaofanana na wake, baada ya kujiridhisha kwamba kilichochukuliwa ni kazi yake na si wazo tu. Baada ya hapo ndipo ataweza kuijibu kampuni ile iliyouliza nani mmiliki.

Mtu asiyejua aanzie wapi anaweza kufika kwa Afisa Utamaduni au Afisa Biashara wa Halmashauri ya Wilaya yake kwa maelekezo. Wanafunzi wa vyuo, ikiwamo Ndaki ya Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavu ya Chuo Kikuu cha Dodoma, wanaweza kuulizia taratibu za miliki ubunifu za vyuo vyao kabla ya kuonyesha kazi hadharani. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) nayo huwaibua na kuwaendeleza wabunifu, yakiwamo yanayofanyika kupitia Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019.

Kwa wote hao, jambo la kuanza nalo ni karatasi moja yenye majina, tarehe na saini, iliyoandikwa siku ya kwanza ya kazi, wakati mchezo bado haujampatia mtu yeyote shilingi.